Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya Katiba: haki zetu zisisubiri muundo wa Muungano

Kwa Mheshimiwa Rais wa Zanzibar na Mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi,
Waheshimiwa Makamu wa Kwanza na Makamu wa Pili wa Rais,
Mheshimiwa Spika na Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi,
Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu na Tume ya Kurekebisha Sheria.

Waheshimiwa, assalaam alaykum.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Wete, Pemba, binti wa mkulima wa karafuu. Nimesomesha skuli za kisiwani kwetu kwa zaidi ya miaka thelathini, na somo langu lilikuwa lile tuliloliita siasa, baadaye likaja kuitwa uraia. Siandiki kwa niaba ya chama chochote. Naandika kwa sababu nimeyasikiliza mazungumzo ya katiba tangu ujana wangu, na kila yanaporudi hupita njia ileile: huanza na idadi ya serikali ambazo Muungano wa Tanganyika na Zanzibar uwe nazo, hukwama kwenye idadi ya serikali, na hufa hapohapo. Haki za mtu, ambazo kwa sehemu kubwa hakuna aliyezigombania, huzikwa kaburi moja nayo. Nakuombeni safari hii tuanze na haki.

Januari 1985 nilikuwa mwalimu mgeni, chaki inanitetemeka mkononi. Katiba ya Zanzibar ya 1984 ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kutumika, tarehe 12 ya mwezi ule. Mwalimu mkuu alinipa nakala yake nikaisome darasani, nami nikaenda moja kwa moja kwenye Sura ya Tatu, ile ya haki za mtu. Watu wote wamezaliwa huru na wote ni sawa. Mtu ana haki ya kuishi. Asikamatwe ovyo. Aseme anachokiamini. Akutane na wenziwe. Nilisoma taratibu, na darasa zima lilinyamaza kimya ambacho mwalimu mgeni hakipati mara nyingi. Mtoto mmoja aliyekaa nyuma, baba yake mvuvi, akanyanyua mkono: "Mwalimu, na wakikataa?"

Nikamwambia ataishitakia Mahkama Kuu. Akauliza iko wapi. Nikamwambia Unguja. Wenziwe wakacheka, kwa sababu kila mmoja wao alijua nauli ya meli ni kiasi gani na baba yao anauza samaki kwa kiasi gani. Yeye hakucheka. Alikaa chini akaandika kitu daftarini.

Nimelibeba swali lile miaka arobaini. Na wakikataa? Ndilo swali ninalokuleteeni, kwa sababu naamini katiba yoyote tutakayoiandika, iwe ya Zanzibar au ya Muungano, iwe ya serikali mbili, tatu au ya muungano wa mkataba, itapimwa na mtoto yule.

Baba yangu hakuwahi kuisoma Sura ya Tatu. Alifariki kabla haijaandikwa. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, msimu wa karafuu, alishitakiwa kwa kuficha magunia mawili yaliyokutwa bandani chini ya majamvi. Yeye alisema zilikuwa hazijakauka sawasawa, na karafuu ikipelekwa na maji yake hukataliwa, hilo kila Mpemba analijua. Nilikuwa na miaka tisa. Nilifuatana na mama, tukakaa nje chini ya mwembe kusubiri. Zama zile zilikuwa za mahkama za wananchi, na ndani ya mahkama hizo wakili hakuruhusiwa. Baba alisimama peke yake mbele ya waliomhukumu, mtu asiyejua kusoma ila msahafu, akaulizwa, akajibu, ikaisha. Sitaitaja mahkama yenyewe wala waliokaa pale. Wengi wao wametangulia mbele ya haki na sina kisasi nao. Alirudi nyumbani baada ya miezi kadhaa. Mama akinihadithia kwamba kifungo hakikumuumiza sana. Kilichomuumiza mpaka anakufa alikisema kwa maneno machache: "Hapakuwa na wa kunisemea."

Na hakuwa yeye tu. Hata kesi kubwa ya uhaini iliyofuatia kuuawa kwa Mzee Karume tarehe 7 Aprili 1972 ilisikilizwa katika utaratibu huo, na Mwanasheria Mkuu aliyeendesha mashitaka ndiye aliyetakiwa pia kuwatetea washitakiwa. Mahkama hizo zilifutwa mwaka 1985, mwaka uleule Katiba ilipoanza kufanya kazi. Nilipokuwa nikisoma Sura ya Tatu darasani nilikuwa nasoma, kwa hakika, kila kitu alichokikosa baba yangu.

Najua tunaambiwa tusifukue makaburi. Sifukui. Nataka tukumbuke tu haki zilikujaje kwetu, maana namna zilivyokuja ndiyo inayoeleza kwa nini hazikukaa.

Zanzibar ilipata sura ya haki katika katiba yake kwa mara ya kwanza Disemba 1963. Uhuru ulitolewa tarehe 10, siku ambayo dunia huadhimisha Azimio la Haki za Binadamu la 1948. Katiba ile iliishi siku 33. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliiondoa yote, na kwa miaka 15 nchi ikaendeshwa kwa amri. Sitayakana Mapinduzi, mimi ni mtoto wake. Septemba 1964 elimu ilitangazwa kuwa bure, na bila ya tangazo lile mtoto wa kike wa mkulima wa Wete asingekuwa mwalimu. Ardhi iligaiwa eka tatu tatu kwa watu waliokuwa hawana hata shina la muhogo. Lakini kinachotolewa kwa amri huondolewa kwa amri, na zama zilezile zilizotupa skuli ndizo zilizotuletea ndoa za lazima za mwaka 1970. Walioozwa kwa nguvu hawakuwa na kifungu cha kukishika.

Katiba ya 1979 ilituletea Baraza la Wawakilishi, sura ya haki haikuwemo. Ikabidi hewa ichafuke kwanza. Januari 1984 Mzee Aboud Jumbe akajiuzulu katika mvutano wa Muungano, na ni ndani ya msukosuko ule, wakati wa Mzee Ali Hassan Mwinyi, Katiba ya 1984 ikaandikwa. Mwaka huohuo Bunge likaingiza haki za binadamu katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, kisha likazitia kufuli: mpaka Machi 1988 hapakuwa na mtu aliyeweza kwenda mahakamani kuzidai.

Kwa hivyo haki zetu ni mtoto aliyezaliwa katikati ya ugomvi wa wazee wake, na tangu siku hiyo kila ugomvi unaporudi yeye ndiye anayesahauliwa. Nitakupeni mifano, na yote mnaijua.

Kuanzia Novemba 1997 walikamatwa watu, wakafika 18, wakashitakiwa kwa uhaini dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Walikaa rumande takriban miaka mitatu, wakaachiwa Novemba 2000. Mwezi huohuo Mahkama ya Rufaa ya Tanzania ikatoa uamuzi kwamba uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Zanzibar kwa kuwa Zanzibar si dola kamili. Nini kilifuata? Tumebishana miaka na miaka kama Zanzibar ni nchi au si nchi. Mwaka 2008 ubishi ukawaka upya Bungeni. Mwaka 2010, katika Mabadiliko ya Kumi, tukaandika wenyewe katika vifungu vya mwanzo vya Katiba yetu kwamba Zanzibar ni nchi, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliofurahi, sikufichi. Lakini ni nani aliyeuliza tena inakuwaje mtu ambaye hajahukumiwa akae ndani miaka mitatu? Suali la dola lililimeza suali la mtu.

Tarehe 26 na 27 Januari 2001 watu waliuawa kwetu Pemba, na Unguja pia, katika maandamano ya kudai katiba na uchaguzi mwengine. Zaidi ya watu 2,000 walipanda vyombo wakakimbilia Shimoni, Kenya. Kifungu cha uhuru wa kukusanyika kilikuwepo asubuhi ile. Kilikuwepo tangu 1985. Nilikuwa nimekisomesha kwa miaka kumi na sita, na baadhi ya wanafunzi wangu walikuwa ndani ya mashua zile. Sitaandika zaidi juu ya siku hiyo.

Halafu 2014. Kabla ya hapo Tume ya Jaji Warioba, ile ya katiba mpya ya Muungano, ilikuja hadi huku kuchukua maoni, nami nikapanga foleni tangu saa moja asubuhi nikasema yangu kwa dakika chache. Rasimu iliyotoka Disemba 2013 ilitaja haki ambazo Katiba ya 1977 haikuzieleza kwa namna ile: za mtoto, za watu wenye ulemavu, za wazee, za wanawake. Waliotaka serikali mbili na waliotaka tatu hawakutukanana juu ya mtoto kiziwi. Walitukanana juu ya serikali. Bunge Maalum lilianza Februari 2014. Aprili wajumbe wa upinzani wakatoka nje. Oktoba Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa. Kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa, na haijapigwa. Mtoto kiziwi wa Micheweni alikosa haki yake ya kuandikiwa kwa sababu watu wazima hawakukubaliana hesabu.

Na wa karibu zaidi, masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya hapa Zanzibar. Walikamatwa Zanzibar, wakashitakiwa Dar es Salaam kwa sheria ya ugaidi, wakakaa ndani miaka, mpaka mashitaka yakafutwa Juni 2021. Mimi siwezi kusema nani alikuwa na hatia na nani hakuwa nayo, maana kesi haikufikishwa mwisho. Nasema lile lililokuwa likiulizwa katika kila baraza ya kahawa kuanzia Darajani hadi Konde: mtu akivushwa bahari, Sura ya Tatu ya Katiba ya Zanzibar inavuka naye, au inabaki bandarini?

Hapa ndipo penye mzizi wa jambo langu, na nakuombeni mnivumilie nilieleze kwa urefu.

Juu ya kichwa cha Mzanzibari mmoja kuna orodha mbili za haki. Moja ni Sura ya Tatu ya Katiba ya Zanzibar. Nyengine ni vifungu vya 12 na kuendelea vya Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Mtu angedhani mwenye miavuli miwili haloi. Lakini tazameni inavyokuwa mtu anapokamatwa hapa Wete. Polisi anayemkamata ni wa Muungano. Hakimu atakayemsomea shitaka ni wa Zanzibar. Chuo cha Mafunzo, yaani gereza, atakachowekwa ni cha Zanzibar. Kama alikamatwa baharini na KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, kikosi hicho ni cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kama shitaka ni la sheria ya Muungano, linaweza kumpeleka Dar. Akikata rufaa, Mahkama ya Rufaa ni ya Muungano, lakini kifungu cha 99 cha Katiba yetu hakiipi mamlaka ya kuitafsiri Katiba ya Zanzibar. Siku moja, mtu mmoja, mamlaka mbili, na kila upande una la kumwambia mama yake anapokwenda kuuliza: "Hilo si letu, nendeni kwa wale."

Na orodha zenyewe hazifanani. Kifungu cha 24 cha Katiba ya Zanzibar kinasema haki inaweza kuwekewa mpaka kwa sheria ya Baraza la Wawakilishi pale tu mpaka huo unapokuwa wa lazima na wenye kukubalika katika mfumo wa demokrasia, bila kuivunja haki yenyewe msingi wake. Hiyo ni kauli nzuri, waheshimiwa, na aliyeiandika alikuwa na akili ya haki. Katiba ya Muungano, katika kifungu cha 30, inafungua mlango mpana zaidi: ulinzi, usalama, maslahi ya umma, mipango ya maendeleo, orodha inakwenda. Sasa ikija katiba mpya ya Muungano na sura yake ya haki, ipi itamlinda mtu wa Tumbatu? Iliyo kubwa au iliyo bora? Sijamsikia kiongozi yeyote akilijibu hili, wa upande wowote. Wote wanajibu la serikali ngapi.

Hatuko peke yetu duniani katika hili. Hong Kong ilipitisha sheria yake ya haki Juni 1991, ikijua kwamba Julai 1997 Uingereza itaondoka na China itarudi, na kwamba katiba yake ya mbele, ile iliyoitwa Sheria ya Msingi, ilikwishapitishwa Beijing mwaka 1990. Februari 1997, miezi michache kabla ya makabidhiano, Beijing ikakataa kuvipokea vile vifungu vilivyoiweka sheria ya haki juu ya sheria nyengine. Kilichobaki na nguvu ni kile kilichokuwa kimetiwa ndani ya Sheria ya Msingi yenyewe, kwani kifungu chake cha 39 kiliutaja mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa. Sheria ya kawaida ilikatwa mabawa. Kilichoshikwa na katiba kilikuwa na pa kushikia. Ireland ya Kaskazini nayo, katika mapatano ya Aprili 1998, iliahidiwa sheria yake maalum ya haki. Tume yao ya haki za binadamu ikakabidhi mapendekezo Disemba 2008, na hadi leo sheria haijatungwa, kwa sababu vyama havijakubaliana. Nikiwasoma hawa nawaona jirani zetu kabisa: watu waliogawika, maridhiano, na karatasi inayosubiri.

Afrika Kusini walifanya vyengine. Siku watu wanapiga kura ya kwanza, tarehe 27 Aprili 1994, sura ya haki ya katiba ya mpito ilikuwa tayari inafanya kazi. Katiba ya kudumu ilikuja miaka miwili baadaye, na walioiandika walifungwa na misingi 34 waliyokubaliana kabla. Rasimu yao ya kwanza Mahkama ya Katiba iliirudisha Septemba 1996 kwa kuwa haikuitimiza misingi hiyo. Yaani walibishana juu ya nchi yao huku kila mtu ameshavaa haki zake mwilini.

Fundi wa majahazi wa Nungwi haanzi na tanga. Hulaza mkuku kwanza, na kila ubao unaofuata huutii mkuku ule. Sura ya haki iwe mkuku. Serikali ngapi, mambo ya Muungano mangapi, sarafu, benki, nani akae wapi, hayo yote ni mbao, na mtabishana nayo kwa miaka, ni haki yenu kubishana. Lakini chombo kiwe na mkuku.

Kwa hivyo nakuombeni mambo ambayo mengi yake hayahitaji ruhusa ya Dodoma. Mnaweza kuyaanza Chukwani, kwenye Baraza letu la Wawakilishi.

Kwanza mlango. Leo Mahkama Kuu inakaa Chake Chake pia, na nashukuru. Mtoto wa mvuvi hahitaji tena meli. Bado anahitaji wakili, ada, na ujasiri wa kumshitaki mtu anayemgongea muhuri wa kila karatasi ya maisha yake. Mama yangu, Mungu amrehemu, mwaka mmoja wa uandikishaji wa wapiga kura alikwenda ofisi moja mara nne kutafuta karatasi ya kuthibitisha kwamba ni mkaazi wa mtaa aliozaliwa. Mara nne aliambiwa njoo kesho. Uchaguzi ukapita. Alikuwa na haki ya kupiga kura kwa mujibu wa Katiba. Aliyokuwa hanayo ni njia ya kumuuliza yule wa njoo kesho. Wenzetu wa Kenya, katika kifungu cha 22 cha Katiba yao ya 2010, waliandika kwamba mtu anaweza kudai haki kwa niaba ya mwenziwe asiyeweza, au kwa maslahi ya umma, kwamba hakuna ada ya kufungua shauri kama hilo, na kwamba mahkama inaweza kupokea hata maandishi yasiyo rasmi. Barua ya mkono. Nataka bibi wa Kojani aweze kuandikiwa barua na mjukuu wake, kwa Kiswahili chao, na barua ile ipokewe kama shauri. Na nakusihini msiige lililofanywa na Bunge mwaka 2020, pale sheria ya kudai haki ilipobadilishwa ili anayefungua shauri athibitishe kwamba yeye binafsi ndiye aliyeathirika. Aliyeathirika zaidi mara nyingi ndiye anayeogopa zaidi. Baba yangu alikuwa anamhitaji mtu wa kumsemea.

Jengine ni hizo orodha mbili. Andikeni, kwa maneno ambayo mwanafunzi wa darasa la sita atayaelewa, kwamba Sura ya Tatu inamfunga kila mwenye mamlaka anayeyatumia juu ya ardhi na maji ya Zanzibar, awe amevaa sare ya rangi gani. Najua hamuwezi kuibadilisha Katiba ya Muungano peke yenu. Lakini mna pa kushikia: mambo yale makubwa yaliyoorodheshwa chini ya kifungu cha 98 cha Katiba ile hayabadiliki bila theluthi mbili ya wabunge wa kutoka Zanzibar. Basi siku ya kukaa mezani juu ya katiba mpya ya Muungano, sharti la mwanzo la Zanzibar liwe hili: pale orodha mbili zinapotofautiana, mtu apewe ile inayomlinda zaidi, na Mzanzibari anayevushwa kwenda kushitakiwa ng'ambo avuke na haki zake zote, pamoja na kujulishwa jamaa zake na kupata wa kumsemea tangu siku ya kwanza. Sharti hili halina chama. Wa serikali mbili anaweza kulitia saini na wa mkataba pia.

Elimu na afya nazo. Katika Katiba yetu zimewekwa Sura ya Pili, miongoni mwa malengo ya serikali, si Sura ya Tatu miongoni mwa haki. Mimi niliyesomeshwa na tangazo la 1964 naona aibu kwamba miaka sitini baadaye tangazo lile bado ni lengo. Lihamisheni. Mtasema fedha haitoshi. Haitoshi, nakubali, na mahkama haiwezi kuchapa fedha. Lakini inaweza kuuliza kwa nini kijiji kimoja kimepata na cha jirani yake kimerukwa. Kwetu Pemba suali hilo lina uzito ambao sina haja ya kuueleza.

Mwisho wa maombi, ulinzi wa sura yenyewe. Mabadiliko ya 2010 yalituletea kifungu cha 80A, kwamba baadhi ya vifungu havitaguswa na Baraza mpaka wananchi waulizwe kwa kura ya maoni. Ilikuwa ni hekima iliyotokana na maridhiano ya 2009 baina ya vyama vyetu viwili vikubwa na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, siku ambayo nilimwona mzee wa chama kile na mzee wa chama hiki wakirudi kituoni kwa baiskeli moja. Naomba sura nzima ya haki, bila kubakisha hata kifungu kimoja, iwe chini ya ulinzi huo, ili anayetaka kuipunguza atuulize kwanza sisi wenyewe.

Nimesikia wanaosema haki za binadamu ni maneno ya wazungu, yanakuja na mambo yasiyo ya dini yetu. Naheshimu khofu yao, lakini neno lenyewe tumelipokea kwenye dini. Haki ya mja ndiyo ile tuliyofundishwa chuoni kwamba Mwenyezi Mungu haisamehe mpaka mja mwenyewe asamehe. Na bibi yangu, asiyejua azimio lolote la Umoja wa Mataifa, akituambia: Mgala muue na haki yake umpe. Methali ngumu, ya zama za vita, na sipendi kuisikia ikitajwa jina la kabila. Lakini ndani yake mna sheria ambayo katiba nyingi bado hazijaifikia: hata adui yako, hata siku unapomhukumu, ana chake kwako.

Wengine, na hawa ni jamaa zangu wa karibu, wananiambia: mwalimu, tupate nchi kwanza, haki zitafuata. Nawaelewa. Wametaabika. Lakini tulipata nchi Disemba 1963 na siku ya 34 haki hazikuwepo. Tulipata nchi tena kwa kalamu mwaka 2010, na uchaguzi wa Oktoba 2015 ukafutwa kwa tangazo la mtu mmoja, na mpiga kura aliyepanga foleni tangu alfajiri hakuwa na pa kwenda. Nchi bila haki tumeshaiona. Haki bila kungojea nchi hatujaijaribu.

Nakala ile ya Katiba niliyopewa na mwalimu mkuu ninayo bado. Imeliwa na mende pembeni, na katika Sura ya Tatu pana alama za chaki za vidole vyangu vya ujana. Mkiitisha watu kutoa maoni, nitakuja nayo. Nikiitwa Chukwani, nitapanda meli kwa nauli yangu. Na yule mtoto wa mvuvi sasa ni mtu mzima, ana watoto wake skuli. Tukikutana sokoni bado ananiita mwalimu, na bado sijamjibu.

Wenu katika kuitakia mema Zanzibar,
Mwalimu mstaafu
Wete, Pemba